ANAYERUDI NYUMBANI KATIKA RIWAYA ZA SIKU HIZI

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo wenye elimu, wanaoamini kwamba riwaya ni kitu cha kupotezea wakati. Husema kuwa mtu mzima mwenye kazi na watoto hana haja ya kuhangaikia mambo ya watu ambao hawakuzaliwa wala hawatakufa, maadamu wameumbwa kwa wino tu. Kauli hiyo husikika zaidi katika nyumba za askari, ambako siku hupangwa kwa saa na amri, na kitabu kinachoheshimiwa ni kile kinachomsaidia mtu kufaulu mtihani wa kupandishwa cheo.

Hata hivyo yuko mama mmoja, mke wa sajini katika kambi moja ya jeshi nchini Uganda, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akisoma riwaya kwa bidii ile ile anayoitumia kwenye cherehani yake. Mawazo yake juu ya riwaya tatu za miaka ya karibuni yanastahili kuwekwa mbele ya wenye nyumba, kwani yanagusa jambo ambalo kila familia ya askari inalijua, ingawa ni chache zinazolitaja. Nalo ni jambo la mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini akiwa mzima wa mwili, lakini maneno yake ameyaacha huko alikotoka.

Mama huyu hakusoma chuo. Alifika kidato cha nne, akaolewa, akajifunza kushona. Kiingereza anakisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni. Kiswahili alikipata kambini, kama wake wengi wa askari wa Uganda wanavyokipata, kwa majirani, dukani, na kwa watoto wake mwenyewe. Vitabu navyo huvipata kwa njia za kawaida. Kimoja aliletewa na dada yake kutoka Nairobi, kikiwa kimekwisha kutumiwa na mwanafunzi na kujazwa maandishi ya penseli pembezoni mwa kurasa. Cha pili aliazimwa na mwalimu wa binti yake. Cha tatu kilinunuliwa na akina mama watatu waliochanga fedha na kukubaliana kukisoma kwa zamu, kila mmoja majuma matatu.

Mumewe alikwenda Somalia mara mbili, katika ule ulinzi wa amani ambao Uganda ilianza kupeleka majeshi yake Machi 2007. Safari ya kwanza alirudi na zawadi na masimulizi. Safari ya pili alirudi kimya. Ni haki isemwe kwamba hakumpiga mtu, hakuwa mlevi, na mshahara ulifika nyumbani kama kawaida. Lakini aliulizwa habari za huko akajibu "nzuri", akaulizwa habari za chakula akajibu "nzuri", akaulizwa habari za rafiki yake waliyekwenda naye akainuka na kutoka nje. Binti yao wa miaka 16, aliyekuwa akimrukia baba yake shingoni alipokuwa mdogo, akaanza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya nyumba wakati riwaya ya kwanza ilipofunguliwa.

CHOZI LA HERI

Riwaya hiyo ni Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotolewa mwaka 2014 na kusomwa kwa miaka kadhaa na wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya kama kitabu cha lazima. Nchi inayoelezwa humo ni ya kubuni, lakini hakuna msomaji wa Afrika Mashariki asiyekumbuka, anapoisoma, machafuko yaliyoikumba Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha na wengi zaidi wakahama makwao. Mwanzoni mwa kitabu tunamkuta Ridhaa, daktari aliyejenga maisha yake kwa jasho, akiwa katika magofu ya nyumba yake iliyoteketezwa pamoja na jamaa zake. Wala walioiteketeza hawakutoka mbali. Kati yao alikuwamo jirani yake mwenyewe.

Mwana wa Ridhaa, jina lake Mwangeka, hakuwapo siku hiyo. Alikuwa ng'ambo, Mashariki ya Kati, katika kazi ya kudumisha amani. Hapa ndipo mama huyu alipoweka kitabu chini na kukaa kimya kwa muda. Mtu anakwenda kulinda nyumba za watu asiowajua, na nyuma yake nyumba yake mwenyewe inachomwa, mkewe na mtoto wake wakiwa miongoni mwa waliopotea. Anaporudi, baba yake ndiye anayempokea, naye baba amefiwa vile vile. Ni nani basi wa kumfariji mwenzake? Mwandishi hakulifanya jambo hilo kuwa jepesi. Mwangeka hapati nafuu kwa hotuba moja wala kwa sala moja. Inapita miaka kabla hajaweza kumwoa Apondi, mjane mwenye mtoto, na kuanza upya nyumba ambayo baadaye inawapokea hata watoto wasio wa damu yao.

Kwa maoni ya mama huyu, uzuri wa riwaya hii uko katika subira hiyo. Magazeti hueleza idadi ya waliokufa, na redio hueleza siku ambayo amani ilirudi. Lakini riwaya hukaa na mtu baada ya wageni wa matanga kuondoka, ikamtazama anavyoshindwa kula, anavyoshindwa kulala, na anavyoanza siku moja, bila kutazamiwa, kucheka tena.

Hata hivyo hakuisifu yote. Aliona kwamba mwandishi alitaka kufundisha kila kitu katika kitabu kimoja. Dawa za kulevya zimo, ndoa za kulazimishwa zimo, wizi wa mali ya umma umo, wakimbizi wamo, na kila mhusika anayeingia huja na msiba wake, hata msomaji akachoka kukumbuka majina. Aliona pia kwamba ndugu waliopotezana wanapatana kwa urahisi mno. "Katika maisha," alimwambia dada yake, "mtu hutafutwa mpaka anayemtafuta akazeeka." Maneno hayo aliyasema kabla hajaisoma riwaya ya pili, ambayo, kama itakavyoonekana, ilimpa alichokitaka.

Tabia yake ilikuwa kuwasomea watoto kwa sauti baada ya chakula cha jioni, ili Kiswahili chao kinyooke. Baba yao hakuwa akishiriki. Alikaa nje ya mlango akipiga viatu rangi. Jioni moja, usomaji ulipofika pale Mwangeka anaporejea, sauti ya brashi ilikoma. Kisha ikasikika sauti kutoka nje: "Mama watoto, hapo rudia."

Akarudia. Sajini akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba aliyekiandika kitabu hicho anajua mambo, ila amesahau jambo moja. Askari anayerudi, alisema, akiwa ndani ya ndege huwa hajaanza kuhuzunika. Huwa anaogopa. Anaogopa kwamba nyumbani wamekwisha kuzoea kuishi bila yeye. Baada ya kusema hivyo akaendelea na viatu vyake. Tangu arudi, miezi minane ilikuwa imepita, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyokuwa ameyasema juu ya safari yake.

Wenye nyumba na waangalie vizuri kilichotokea hapo. Sajini hakuulizwa habari zake, wala hakuzieleza. Alikosoa kitabu. Lakini katika kukikosoa alisema kitu ambacho mkewe alikuwa amekitafuta kwa maswali yote ya mapenzi na ya hasira asikipate. Kitabu kilikuwa kama kigoda cha tatu kati ya watu wawili, na juu ya kigoda hicho maneno yaliweza kuwekwa bila ya mtu yeyote kulazimika kuyapokea mkononi.

AFTERLIVES

Riwaya ya pili ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 2020. Kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, mama huyu hakuweza kuwasomea watoto moja kwa moja. Alisoma mchana, baina ya nguo moja na nyingine, na usiku akawasimulia kwa Kiswahili kama bibi anavyosimulia ngano. Safari hii kiti cha sajini kilikuwa ndani ya mlango, si nje.

Habari zake ni za askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, nyakati zilizofuata Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na hasa katika vita vikuu vya 1914 hadi 1918. Yuko Ilyas, kijana aliyelelewa na kusomeshwa na Wajerumani, ambaye vita vinapoanza anajiandikisha kwa hiari yake, akimwacha nyuma dada yake mdogo Afiya. Yuko pia Hamza, anayejiunga na jeshi kwa kukimbia maisha mengine, akachukuliwa na ofisa wa Kijerumani kuwa mtumishi wake na kufundishwa lugha yake. Mwisho wa vita Hamza anajeruhiwa vibaya, na anayemjeruhi si adui bali ni Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe. Anatibiwa katika misheni, kisha anarudi pwani akichechemea, hana fedha wala ndugu.

Sajini alimpenda Hamza tangu mwanzo. Alipenda kwamba mwandishi hakuificha njaa, wala wapagazi waliokufa njiani bila majina yao kuandikwa, wala vijiji vilivyonyang'anywa chakula na majeshi ya pande zote. Alisema kwamba vitabu vingi vya vita vinamhesabu mwenye bunduki tu, na kumsahau anayebeba unga. Lakini Ilyas hakumpenda. Mtu anayekwenda kupigania serikali iliyowatesa watu wake, na akamwacha mtoto wa kike mikononi mwa watu wabaya, alisema, hastahili kutafutwa.

Mkewe hakukubaliana naye, na mabishano hayo yalichukua jioni tatu. Mama alisema kwamba Gurnah hamtetei Ilyas hata kidogo, ila anageuza macho yetu tuwatazame waliobaki. Afiya anarudishwa kwa jamaa waliomtumikisha, na siku wanapogundua kwamba anajua kuandika, anapigwa mpaka mkono unavunjika. Kinachomwokoa ni kijikaratasi alichokiandika kumpelekea Khalifa, rafiki wa kaka yake. Miaka inapita, Ilyas harudi wala habari zake hazifiki. Afiya anaolewa na Hamza, wanampata mtoto, na mtoto anapewa jina la mjomba aliyepotea. Mtoto huyo anakua akisumbuliwa na sauti inayomwuliza Ilyas yuko wapi. Hatimaye ni yeye, akiwa mtu mzima na akiwa Ujerumani, anayefuatilia na kugundua kwamba mjomba wake alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, mikononi mwa dola ile ile aliyoitumikia.

"Basi," alisema mama, "umeona nani alilipa? Aliyekwenda alikwenda mara moja. Waliobaki walimngoja kila siku."

Sajini hakujibu. Lakini kesho yake, na hili mama analisema kwa tahadhari kwa kuwa hataki kulikuza, alimtaja kwa jina, kwa mara ya kwanza, yule rafiki yake ambaye hakurudi naye. Akasema pia kwamba mamake rafiki huyo yu hai, na kwamba yapasa mtu aende kumwona.

Mama alijifunza jambo jingine katika riwaya hiyo. Mzee Khalifa ni mtu mdadisi, na humchokonoa Hamza kwa maswali ya atokako na yaliyompata. Hamza hukwepa. Yanayotoka hutoka kidogo kidogo, kwa watu aliokwisha kuwaamini, na kwa wakati wake. Mama alisema kwamba alijiona katika Khalifa, akacheka, kisha akaacha kuuliza.

KINTU

Riwaya ya tatu ni ya Uganda yenyewe, nayo ni Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Mswada wake ulishinda shindano la Kwani? la mwaka 2013 huko Nairobi, na kitabu kikatolewa mwaka uliofuata. Kinaanza Januari 2004 katika mtaa wa Bwaise, Kampala. Mlango unabishwa hodi, mwanamke anafungua, na mumewe, Kamu, anachukuliwa na watu wanaosema kuwa anahitajiwa na viongozi wa mtaa. Njiani neno moja linasikika, "mwizi", na neno hilo linatosha. Kamu anauawa na umati wa watu ambao wengi wao hawakujua hata jina lake.

Ndugu wa mama huyu ni konstebo wa polisi mjini. Alipokuja kumtembelea alikisoma kipande hicho akiwa amesimama, na uso ukambadilika.

"Dada," alisema, "huyu mwandishi ametueleza vizuri watu wanavyoua. Lakini hakueleza konstebo anavyofika na mwenzake mmoja, watu mia tano wameshika mawe, na anayepigwa bado anapumua. Ukirusha risasi juu, wanasema umelinda mwizi. Usiporusha, unalala na macho yake."

Dada yake alimkubalia kwamba sehemu hiyo haimo, na kwamba angetamani siku moja polisi aiandike. Lakini alimwomba asome mpaka habari za mwaka 1750, maana kitabu kinarudi nyuma mpaka huko. Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, anasafiri kwenda kumtii Kabaka mpya, Kyabaggu. Njiani anampiga kibao kijana Kalema, aliyekuwa akimlea kama mwanawe. Kibao kimoja, na kijana anakufa. Kintu hakukusudia. Lakini anaporudi nyumbani anaificha habari hiyo, kwa mkewe na kwa Ntwire, aliyemzaa kijana. Ntwire anapotambua, anatoa laana, na laana hiyo inashuka kizazi baada ya kizazi hadi kwa watu wa Bwaise wa leo.

Mtu anaweza kuamini laana au asiamini. Mama huyu ni Mkristo, na hilo halikumsumbua. Alichokiona ni kwamba Makumbi ameandika juu ya siri ya msafiri. Kosa la Kintu lilichukua muda wa kupepesa jicho, na huenda lingesameheka. Kilichodumu miaka mia mbili na hamsini ni kule kunyamaza kwake. Wajukuu na vitukuu wanateseka kwa jambo ambalo hawakusimuliwa, na kwa kuwa hawakusimuliwa, hawajui hata wamwombe nani msamaha.

Konstebo aliondoka na kitabu. Alikikawiza kuliko zamu yake, na mwalimu mwenye kitabu alilalamika. Kilipoletwa, ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Dada yake alikifungua akidhani ni barua yake. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa ripoti ya polisi, wenye tarehe, saa na jina la barabara, ukieleza tukio moja la usiku. Hakumwonyesha mtu. Alimrudishia mwenyewe, akamwambia aendelee kuandika.

LUGHA NA BEI

Mtu akimwuliza mama huyu riwaya hizi zina upungufu gani kwa nyumba za askari, hutaja mambo mawili, na yote mawili yako nje ya ustadi wa waandishi.

La kwanza ni lugha. Kati ya riwaya tatu alizozisoma, mbili ni za Kiingereza. Kiswahili kimetumika katika majeshi ya Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni mambo ya kushukuru. Lakini lugha iliyopewa kiti bado inahitaji kupewa chakula, na chakula cha lugha ni vitabu. Paradise ya Gurnah ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, yaani baada ya miaka 28. Mtoto aliyezaliwa kitabu kilipotoka alikuwa mtu mzima kabla hajaweza kukisoma kwa lugha ambayo wahusika wake wengi wangeizungumza.

La pili ni bei. Kitabu kimoja cha aina hii hula fedha ambazo nyumba ya askari ingenunulia unga na sabuni za siku nyingi. Ndiyo maana wale akina mama watatu waliona heri kuchanga. Mama huyu sasa anatunza daftari la shule lenye mistari, ambamo huandikwa jina la kitabu, jina la aliyekichukua, na siku ya kukirudisha. Nyumba zilizoandikwa ni 11. Sheria yao ni mbili tu: anayekipoteza anakilipa, na anayekimaliza hamwambii mwingine mwisho wake.

NAMNA YA KUSOMA NYUMBANI

Yafaa wenye nyumba wanaotaka kufuata mfano huu wazingatie mambo machache ambayo mama huyu ameyajua kwa kuyafanya.

Kitabu kisichaguliwe kama dawa ya mtu fulani. Mume anayeletewa riwaya na kuambiwa "soma, humu umo wewe" atakiweka juu ya kabati na hatakishusha. Kisomwe kwa kuwa ni kizuri, na kisomwe kwa wote.

Swali liulizwe juu ya mhusika, lisiulizwe juu ya msikilizaji. Kuuliza "Je, Hamza alifanya vyema kunyamaza?" ni kufungua mlango. Kuuliza "Na wewe mbona unanyamaza?" ni kuufunga. Na msikilizaji akiinuka na kutoka, kitabu kifungwe, mazungumzo yahamie kwenye mambo mengine, na kesho ni siku.

Watoto wasiondolewe. Sehemu zisizowafaa zirukwe, lakini wao wawepo. Mtoto wa askari hujua mengi kuliko anavyodhaniwa, na asichokijua hukijaza kwa hofu yake mwenyewe.

Mwisho, riwaya isitwikwe mzigo usio wake. Mtu anayeamka usiku akipiga kelele, anayekunywa ili alale, au anayeinua mkono juu ya mkewe na watoto, hatatibiwa na kitabu. Huyo apelekwe kwa daktari au mshauri, na wenye kutishwa na mkono huo watafute usalama kwanza. Hakuna aibu katika hayo, kama vile hakuna aibu kwa mwenye risasi mwilini kwenda hospitali.

Nyumba ya mama huyu haijawa nyumba ya masimulizi. Sajini ni mtu wa maneno machache, na huenda alizaliwa hivyo. Katika mwaka mzima amesema mambo matatu juu ya Somalia. Mawili alimwambia mkewe. La tatu alimwambia binti yake, siku aliyomsindikiza kwenda kituo cha basi, na lilihusu mtoto wa kiume wa Mogadishu aliyezoea kuja karibu na uzio kila asubuhi kuwasalimu askari kwa Kiswahili walichomfundisha wenyewe. Binti alipomsimulia mama yake hakuongeza neno, na mama hakuuliza mtoto huyo alipatwa na nini. Alifahamu kwamba yako mambo mengine yasiyosemwa, na kwamba huenda mengine hayatasemwa kamwe. Ila sasa binti hupita mbele ya baba yake kwa hatua za kawaida, na akitaka chumvi humwambia ampitishie.

Kitabu cha nne katika daftari ni Peponi. Kinaishia pale kijana Yusuf anapowakimbilia askari wa Wajerumani wanaoondoka, na kwa hiyo mwisho wake unaelekea mahali Afterlives inapoanzia. Mama aliwaeleza nyumbani kwamba wamevisoma kinyumenyume. Sajini alisema haidhuru. Askari naye, alisema, habari zake huanza kujulikana kwa kurudi kwake, ndipo watu wakauliza alikwendaje.

Zamu ya kusoma kwa sauti jioni hizi ni ya binti.